Nguo Zinazokubali Kufumuliwa

Koti la suti lina matabaka matatu. La nje ni kitambaa, nalo huonwa na kila mtu. La ndani ni bitana, nalo huonwa na mwenye koti anapolivua. Katikati ya hayo mawili kuna tabaka lisiloonwa na yeyote isipokuwa fundi aliyelishona, na pengine fundi mwingine atakayelifumua miaka kumi baadaye ili amrekebishie mteja aliyenenepa. Humo katikati ndimo koti linamopata kifua chake, ndimo bega linamopata mstari wake, na ndimo kola ya mbele inamojifunza kujikunja bila kulazimishwa na pasi. Mwanamume anayetaka kujiwekea kabati la nguo rasmi, za ofisini, za harusini, za msibani na za kukutana na wageni wa heshima, hana mwalimu bora kuliko tabaka hilo lililojificha.

Nasema hivyo kwa sababu ushauri mwingi wa mavazi huanza na orodha: suti kadhaa, mashati kadhaa, tai dazeni nzima, viatu jozi nne. Orodha si mbaya. Ila haimwambii mtu kwa nini suti moja humaliza mwaka ikachoka, na nyingine ikadumu miaka thelathini, ilhali dukani zilitundikwa mstari mmoja na rangi yao ni ile ile. Tofauti iko kwenye maungio. Nguo rasmi iliyo njema imeungwa kwa namna ambayo inaweza kufumuliwa, ikarekebishwa, ikashonwa tena. Iliyogandishwa kwa gundi haina njia ya kurudi. Kanuni hiyo inatosha kumwongoza mtu kuanzia kola mpaka soli ya kiatu.

Vazi lenyewe lina umri mrefu. Tarehe 7 Oktoba 1666 Mfalme Charles II wa Uingereza aliliambia baraza lake kwamba ameamua kuvaa mtindo mpya wa nguo, na kesho yake Samuel Pepys akaliandika jambo hilo katika shajara yake. Kwenye kizibao kirefu cha mfalme huyo, kilichovaliwa chini ya koti, ndipo wengi wanaoandika historia ya suti huanzia simulizi yao. Lakini suti tunayoijua leo ina deni kubwa zaidi kwa George Brummell, mtu ambaye hakuzaliwa katika ukoo wa malodi, aliyewafanya wakubwa wa London wa mwanzoni mwa karne ya 19 waone haya kuvaa hariri za rangi, lesi na nyuzi za dhahabu. Yeye alivaa koti la bluu iliyokoza, shati jeupe lililofuliwa likatakata, na kitambaa cheupe shingoni alichokifunga kwa subira kubwa. Mapambo yalipoondoka, mzigo wote ukawaangukia mafundi. Koti lisilo na nakshi halina pa kuficha kasoro: likivuta mgongoni litaonekana, likiachama shingoni litaonekana. Zama hizo hizo ndizo zilizoeneza futi ya kupimia yenye alama za kudumu. Kabla yake fundi alimpima kila mteja kwa ukanda mtupu, akaukata mapengo madogo pembeni kuonyesha kifua kinaishia wapi na mkono unaishia wapi.

Kwa upande wa Waingereza, kazi hiyo ilijikusanya kwenye mtaa mmoja mfupi wa London, Savile Row. Duka la Henry Poole lilifungua mlango wake huko mwaka 1846, na jina hilo lipo mtaani mpaka leo. Huko suti moja hupita kwenye mikono ya watu kadhaa. Mkataji hupima, huchora na kukata. Fundi wa koti hushona koti, fundi wa suruali hushona suruali, na mwingine humalizia matundu, vifungo na mapindo. Mkataji anapomzunguka mteja na futi yake huandika vipimo zaidi ya ishirini, lakini mengi anayoyatafuta hayamo kwenye namba. Anatazama bega lipi limeshuka. Anatazama kama mtu huyu husimama kifua mbele, au ameanza kuinama kwa kushinda mezani. Anatazama mikono inavyoning'inia mtu anaposahau kuwa anatazamwa. Yote hayo huyachora kwenye karatasi ngumu ya kaki, akaikata, akaandika jina la mteja, akaitundika pamoja na za wengine. Mwili ukibadilika, karatasi nayo hurekebishwa, na suti ijayo huanzia hapo.

Kitambaa kikishakatwa ndipo kazi ya tabaka la katikati inapoanza. Fundi wa koti huchukua kanvasi, kitambaa chenye ugumu wa wastani kilichofumwa kwa sufu pamoja na pamba au kitani. Sehemu ya kifua huiongezea kipande kilichofumwa kwa singa za farasi. Singa ina tabia moja ambayo nyuzi za kawaida hazina: ukiikunja hurudi ilikokuwa. Ndiyo maana koti la namna hiyo halilegei kifuani hata likikunjwa ndani ya sanduku safari nzima, na ndiyo maana baada ya miezi kadhaa ya kuvaliwa hukaa vizuri zaidi kuliko siku lilipotoka kwa fundi, kwa sababu kanvasi imepata joto la mwili na kuufuata umbo lake.

Mshono unaoifunga kanvasi hiyo kwenye kola ya mbele unastahili kutazamwa kwa karibu. Fundi huishika kola kwa mkono wa kushoto, akailaza juu ya kidole cha shahada hali imepinda, upande wa kanvasi ukiwa juu. Sindano inaingia kwenye kanvasi, inashuka, inadokoa uzi mmoja tu wa kitambaa cha chini, inapanda. Ikidokoa zaidi ya hapo, kidoa cha uzi kitaonekana upande wa pili, mbele ya macho ya watu. Isipodokoa chochote, mshono haukushika kitu. Subana kidoleni inaisukuma sindano tena, chini ya sentimita moja mbele ya pigo lililopita, mstari ukishuka na mwingine ukipanda, mamia ya mapigo kwa kila upande wa kola. Na kwa kuwa kola ilipindishwa muda wote ilipokuwa ikishonwa, kanvasi na kitambaa vimefungwa pamoja vikiwa katika hali ya kupinda. Fundi akiiachia, kola haikubali kulala bapa. Inajikunja yenyewe kuelekea kifuani, kwa mviringo laini usio na mstari mkali wa pasi. Mtu akikutana na mvaaji barabarani hatajua ni nini hasa kilichompendeza kwenye koti lile. Ni huo mviringo.

Viwandani kazi hiyo yote hufanywa kwa gundi. Kitambaa cha kukazia chenye gundi huwekwa nyuma ya kile cha nje, mashine ya joto ikabana, na kwa muda mfupi sana koti limepata kifua. Bei hushuka, na watu wengi huweza kuvaa suti ambao vinginevyo wasingeweza. Hilo ni jambo jema, na gundi za siku hizi ni bora kuliko za zamani. Hata hivyo gundi huchoka. Jasho, unyevu na moto wa dobi huilegeza kidogo kidogo, mpaka siku moja kitambaa cha kifuani kinaachana na kilichokishikilia na kutoa mapovu madogo ambayo pasi haiwezi kuyaondoa. Hapo fundi hana la kufanya, kwa kuwa hakuna mshono wa kufumua. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kulitambua koti kabla ya kulinunua si kazi ngumu. Shika sehemu ya mbele, chini kidogo ya tundu la kifungo cha mwisho, kidole gumba upande wa nje na cha shahada upande wa ndani. Finya, kisha vuta taratibu ili matabaka yaachane. Ukihisi kitambaa cha nje, ukahisi bitana, na katikati yake ukahisi kitu cha tatu kinachoteleza peke yake, hiyo ni kanvasi iliyoshonwa. Ukihisi mawili tu, na la nje limekakamaa, gundi imepita. Rudia jaribio kifuani, maana yako makoti ya nusu kwa nusu: kanvasi juu, gundi chini. Hayo nayo ni mazuri kwa mtu ambaye mfuko wake haujafika kwenye kanvasi kamili. Mwenye vidole vilivyozoea jaribio hili anaweza kuingia Gikomba jijini Nairobi au Karume jijini Dar es Salaam, akapekua rundo la makoti ya mitumba, na kutoka na kazi ya mkono ya fundi asiyemjua, kwa bei ya koti la gundi lililotundikwa kando yake. Wengi sokoni hutazama rangi na lebo. Yeye hupapasa.

Baada ya sindano, chombo kikuu cha fundi wa makoti ni pasi. Sufu ni nywele za kondoo, na kila aliyewahi kuketi saluni anajua nywele zinavyotii joto na mvuke: zikinyooshwa hunyooka, zikikunjwa hukunjika, zikipoa hubaki zilivyoachwa. Fundi hufanya hivyo hivyo kwa kitambaa. Kipande cha mgongo kilichokatwa bapa hukilowesha kidogo, akakivuta mahali penye mfupa wa bega, akakisinyaza karibu na kwapa, mpaka kitambaa bapa kikapata mbonyeo wa mwili bila kuongezewa mshono. Chini ya kola huvuta ukingo kwa pasi ili uikumbatie shingo. Mguu wa suruali huuvuta nyuma ili ufuate shavu la mguu. Pamba hukubali kazi hii shingo upande, na poliesta haiikubali kabisa. Mapenzi ya mafundi kwa sufu, hata katika nchi zenye jua kali, yanatoka hapo kuliko kwenye sifa ya joto lake.

Kisha huja siku ya kupima mara ya kwanza, na hapo mteja mgeni hushtuka. Anakuta koti halina mifuko, halina bitana, na lote limeshikizwa kwa bandi za uzi mweupe unaoonekana waziwazi kwenye kitambaa cheusi. Anavishwa. Mkataji anatazama kimya, anang'oa mkono, anaubandika tena kwa pini ukiwa umezungushwa kidogo mbele, anachana kola, anaishusha, anachora kwa chaki. Mteja akiondoka, koti hilo hufumuliwa lote. Vipande hunyooshwa kwa pasi, huwekwa mezani upya, hukatwa upya kwa kufuata chaki, ndipo hushonwa kwa ajili ya kupimwa mara ya pili. Kwa hiyo koti la namna hii limekwisha kufumuliwa kabla halijamalizwa, na hiyo ndiyo siri ya kukaa kwake. Chama cha mafundi wa Savile Row, kilichoanzishwa mwaka 2004, kinatarajia suti moja ichukue angalau saa 50 za kazi ya mkono.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote ni kuunga mkono. Kichwa cha mkono wa koti hukatwa kikiwa kikubwa kuliko tundu la kwapa kinamoingia, kwa sababu bega la mtu ni la mviringo na lazima lipate nafasi ya kusogea. Ile ziada fundi huigawa kwa bandi ndogo ndogo kuzunguka kwapa, mahali pengine nyingi na mahali pengine kidogo, akaisinyaza kwa mvuke hadi isionekane. Kwapa lenyewe hukatwa dogo na la juu. Wengi hudhani kwapa pana ndilo la starehe, kumbe ni kinyume: kwapa likiwa chini, ukiinua mkono kumpa mtu salamu koti zima hupanda nawe. Likiwa juu, mkono hupanda na koti hubaki mahali pake.

Mafundi wa Naples, kusini mwa Italia, walilitazama bega hilo kwa jicho lingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Gennaro Rubinacci alifungua duka mjini humo akaliita London House, kwa kuwa wateja wake walitamani mtindo wa Kiingereza. Ila jua la Naples si la London. Mkataji wake, Vincenzo Attolini, aliondoa pedi za mabega, akapunguza kanvasi na bitana, akaunga mkono wa koti kwa namna ya mkono wa shati, ziada yake ikaachwa ionekane katika vikunjo vidogo juu ya bega. Heshima ya koti haikupotea, na uzito wake ukapungua sana. Sisi tunaoishi Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura tuna mengi ya kuchukua kwa Attolini kuliko kwa mafundi wa nchi za baridi.

Mwisho wa kazi ni matundu ya vifungo. Mashine nyingi hushona tundu kwanza, kisha kisu kikapasua katikati, ndiyo maana nyuzi za kitambaa huchungulia ndani yake. Fundi wa mkono hukata kwanza. Hupitisha uzi ukingoni ili kitambaa kisichanike, akalaza uzi mnene kuzunguka tundu uwe uti wake, kisha akachukua uzi wa hariri na kushona juu ya uti huo, kila pigo akilifunga kwa fundo dogo linalokaa juu ya ukingo. Mafundo hupangana yakagusana mpaka ukingo wote ukafunikwa. Koti ambalo vifungo vyake vya mikononi hufunguka kweli lina matundu zaidi ya kumi, na fundi haruhusiwi kukosea hata moja, maana kitambaa kilichokatwa hakirudi.

Mtu akishaielewa kazi hii, kupanga kabati huwa rahisi. Suti ya kwanza iwe ya bluu iliyokoza. Ya pili iwe ya kijivu cha mkaa. Najua wengi wetu huanza na nyeusi kwa ajili ya misiba na harusi, lakini bluu iliyokoza huingia kote huko kwa heshima ile ile, na mwanga wa mchana huipokea vizuri zaidi kuliko nyeusi, inayoonyesha kila vumbi na kila mng'ao wa pasi. Suti hizo mbili, zikipokezana ili kila moja ipumzike walau siku moja baada ya kuvaliwa, humtosha mtu miaka mingi. Baadaye huongezwa koti la bluu la kuvaliwa peke yake na suruali ya kijivu.

Koti hilo la peke yake lina kazi nyingine kwetu. Mwanamume wa Lamu, Mombasa au Unguja hulivaa pia juu ya kanzu, siku ya Idi au kwenye ndoa, pamoja na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Waganda nao huvaa koti juu ya kanzu kwenye kwanjula, sherehe ya kuwatambulisha wachumba. Kanzu nyeupe haina huruma kwa koti baya. Hakuna tai ya kuvuta macho, na kola ya koti ikiachana na shingo hata kidogo, weupe wa kanzu huonyesha pengo hilo kwa kila aliyeketi nyuma yako. Kwa hiyo anayenunua koti pwani alijaribu juu ya kanzu vilevile, na atazame shingo kabla ya kitu kingine chochote.

Kitambaa kinachofaa kwetu ni sufu nyepesi yenye uzito wa gramu 240 hadi 280 kwa mita, iliyofumwa wazi ili upepo upite, ikiwezekana kwa nyuzi zilizosokotwa sana. Nyuzi za aina hiyo hukataa kukunjamana, na suti iliyotoka safarini ikitundikwa usiku mmoja mahali penye mvuke huamka imenyooka. Bitana iwe ya nusu. Usitishwe na namba za Super zinazoandikwa kwenye lebo. Super 100 maana yake ni sufu ambayo unene wa unywele wake hauzidi maikroni 18.75, na kadiri namba inavyopanda ndivyo unywele unavyokuwa mwembamba. Wembamba huo hupendeza mkononi, lakini suti ya kuvaliwa kila wiki haihitaji zaidi ya Super 100 au 110. Zile za juu huchakaa mapema kwenye mapaja na viwiko.

Suruali iwe na akiba. Mwambie fundi aache sentimita tatu za kitambaa cha ziada kwenye mshono wa nyuma ya kiuno, na tano kwenye pindo la chini. Mwili wa mwanamume wa miaka arobaini si ule wa miaka ishirini na mitano, na suruali iliyokatwa bila akiba humwacha njiani.

Mashati yawe ya pamba, meupe kwanza, ya bluu ya mbingu baadaye. Sehemu inayochakaa mapema ni kola, pale inaposuguana na shingo. Mafundi wa zamani walijua kuifumua, kuigeuza, na kuishona tena upande mzuri ukiwa juu, shati likapata maisha ya pili. Kazi hiyo bado inawezekana, ila ni lazima uiombe.

Tai mbili au tatu za hariri zinatosha: bluu iliyokoza isiyo na maua, nyekundu ya damu ya mzee, na moja yenye mistari au nukta ndogo. Masapeur wa Brazzaville na Kinshasa, ambao wameufanya umaridadi kuwa kazi ya maisha, wana kanuni ya kutozidisha rangi tatu katika vazi moja, na kanuni hiyo humwokoa hata asiye na jicho la rangi. Tai nzuri hukatwa mshazari, kwa pembe ya nyuzi 45. Katika miaka ya 1920 Jesse Langsdorf wa New York alipata hataza ya kuikata hivyo na kuiunga kwa vipande vitatu, na njia yake ndiyo inayotumika hadi leo. Mgongoni hufungwa kwa uzi mmoja mrefu uliolegezwa makusudi. Ukiigeuza tai iliyoshonwa kwa mkono utaona kitanzi cha uzi huo karibu na ncha. Usikikate. Ndicho kinachoiruhusu tai kuvutika unapoifunga asubuhi na kurudi urefu wake unapoifungua jioni.

Viatu vinafuata kanuni ile ile ya kufumuliwa. Kiatu cha gundi, soli yake imebandikwa tu. Kiatu kilichoshonwa kwa njia ya Goodyear kina ukanda wa ngozi unaozunguka ukingo wake. Mshono wa kwanza, uliofichwa ndani, huunga ngozi ya juu na ukanda huo kwenye soli ya ndani. Mshono wa pili, unaoonekana ukingoni, huunga ukanda na soli ya nje. Soli ikilika, fundi hufumua huo wa pili peke yake, akaweka soli mpya, na ngozi ya juu haikuguswa. Njia hiyo ilipata mashine yake katika miaka ya 1870 na ina jina la Charles Goodyear, mtoto wa yule aliyevumbua njia ya kuukaza mpira kwa joto. Jozi moja nyeusi ya kufunga kwa kamba na moja ya kahawia iliyokoza, zikipakwa dawa na kupokezana, humaliza haja zote za mavazi rasmi.

Anayeona maneno haya ya kudumu yametiwa chumvi amtazame Mfalme Charles III, mtu ambaye angeweza kununua nguo mpya kila asubuhi. Katika harusi ya mwanawe Harry mwaka 2018 alivaa koti refu la kijivu alilokuwa ameshonewa mwaka 1984. Koti la miaka 34 halivaliki mbele ya macho ya dunia ila likiwa limeshonwa na watu waliojua kwamba kuna siku litafunguliwa.

Ufundi huu si wa London na Naples pekee. Mafundi wa suti wapo Kariakoo jijini Dar es Salaam na wapo River Road jijini Nairobi, na vyuo vya ufundi vya VETA nchini Tanzania hufundisha ushonaji kila mwaka. Wengi wao wanajua kupiga bandi na wanajua kuunga kola kwa mkono. Kinachowakosesha nafasi ya kuyafanya hayo ni sisi. Mteja huleta kitambaa Jumatatu akitaka suti Ijumaa, hataki kurudi kupimwa, kisha hulalamikia bega. Fundi anayehudumia wateja wa namna hiyo mwaka mzima hujifunza njia za mkato, naye hana kosa.

Basi mwendee fundi wako ukiwa na kitambaa mita tatu na nusu, za upana wa sentimita 150, na uwe na muda. Mwombe kanvasi badala ya gundi. Asipokuwa na ya singa, aweke ya pamba nzito na aishone kola kwa mkono. Mwambie apige bandi kwanza, nawe utarudi kupima kabla hajakaza mshono wowote kwa cherehani. Akubaliane nawe bei inayolipia siku hizo zote, na sehemu yake umpe kabla hajaanza. Fundi aliyepewa wiki nne na mteja anayerudi kupima atafanya kazi ambayo haraka za wengine zilimnyima. Suti moja ya namna hiyo ikiwa kabatini, ya pili inaweza kusubiri.